Mapenzi ya Mungu Katika Lugha ya Msiba

Katika matanga ya Wakristo nchini Kenya kuna kauli ambayo ni nadra kukosekana. Husemwa na mhubiri, ikarudiwa na msemaji wa familia, chifu naye akaidokeza kabla hajageukia mambo ya serikali, na aghalabu huchapishwa katika kijitabu cha ratiba ya mazishi: kwamba yaliyotokea ni mapenzi ya Mungu. Nia ya wasemaji hao ni njema. Hata hivyo, mfiwa anayeisikia kauli hiyo, hasa mzazi aliyempoteza mwana au kijana aliyempoteza mzazi, husikia ndani yake jambo jingine lisilosemwa waziwazi. Husikia kwamba Mungu yule yule aliyehubiriwa kwake tangu utotoni kuwa ni upendo ndiye aliyemnyang'anya. Imani ya wengi huanza kutikisika hapo, wala si kwa sababu ya msiba wenyewe bali kwa sababu ya maelezo ya msiba.

Suala hili ni la kitheolojia, lakini ni la lugha pia, na kwa hiyo linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa. Asili ya mkanganyiko wenyewe imo katika kitenzi kimoja: penda. Kutokana nacho hupatikana upendo, pendo, mpenzi, kipenzi na mapenzi. Kitenzi hicho hubeba maana mbili ambazo lugha nyingine huzitenga. Maana ya kwanza ni kuwa na upendo kwa mtu au kitu. Ya pili ni kutaka au kuridhia. Asemaye "Mungu akipenda, nitafika kesho" hazungumzii upendo wa Mungu bali ridhaa yake. Mtu anayeambiwa afanye apendavyo ameruhusiwa kufanya atakavyo. Watafsiri wa Biblia walipohitaji neno la kutaja nia ya Mungu, ile ambayo Wakristo huomba itimizwe katika Sala ya Bwana, waliteua "mapenzi". Walipohitaji neno la kutaja jinsi Mungu anavyowaelekea viumbe wake, waliteua "upendo". Katika Kigiriki cha Agano Jipya dhana hizo mbili hutajwa kwa maneno yasiyohusiana kwa mzizi, thelema na agape. Kiswahili kimezizaa kutoka tumbo moja.

Undugu huo wa maneno unaweza kufasiriwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza, ambayo ndiyo imezoeleka mazishini, ni kuyachukua yote yatokeayo kuwa mapenzi ya Mungu, kisha kumtaka mfiwa ayaone kuwa upendo pia. Kilele chake ni ile kauli kwamba Mungu alimpenda marehemu zaidi, kana kwamba wazazi na Muumba walikuwa katika mashindano, na wazazi wakashindwa. Njia ya pili ni kinyume cha hiyo: jambo lisiloweza kuitwa upendo lisiharakishwe kuitwa mapenzi ya Mungu. Njia hii ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na Maandiko, na ndiyo inayomwachia mwenye dhiki nafasi ya kuamini bila ya kulazimika kusema uongo.

Kiswahili hakikuwa na uhaba wa maneno. Kina kudura, kadari na majaliwa, maneno yanayokiri kwamba kuna mambo yaliyo nje ya uwezo wa binadamu. Asemaye kwamba hayo ndiyo majaliwa amekubali kwamba hakuna awezalo kufanya. Hajasema kwamba Mungu alitamani kijana wa miaka 20 afie barabarani kwa sababu dereva alikuwa mlevi. Mkristo anayetumia "mapenzi" mahali pa maneno hayo hubeba mzigo mzito zaidi bila ya kujua. Ulevi wa dereva, uzembe wa mwenye gari na rushwa iliyoruhusu gari bovu kupita kizuizini vyote hufunikwa kwa jina la Mungu, na wahusika huenda nyumbani wakiwa wametakaswa na mahubiri.

Hatari ya kulitumia neno hilo ovyo imekwisha kuonekana nchini kwa namna ya kutisha. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na mafundisho ya kufunga chakula ili wakutane na Yesu. Watoto walikuwa miongoni mwao. Kesi zilizotokana na mkasa huo ni za mahakama kuamua, na hapa si mahali pake. Linalohusu mada hii ni kwamba mafundisho ya namna hiyo huhitaji lugha ambayo imekwisha kuwazoeza watu kuliita jambo lolote, hata njaa ya mtoto, mapenzi ya Mungu. Umati wa waumini haufiki msituni kwa siku moja. Hupita kwanza katika miaka mingi ya kuambiwa kwamba kuuliza ni kukosa imani.

Na je, Biblia yenyewe inakataza kuuliza? Mfano unaotajwa mara nyingi zaidi ni wa Ayubu, na hapa pana jambo ambalo wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wana nafasi nzuri ya kuliona. Fasihi ya Kiswahili ilimjua Ayubu kabla ya Biblia kutafsiriwa. Katika mapokeo ya Kiislamu ya pwani, yeye ndiye kielelezo cha subira, na Utenzi wa Ayubu, ambao J. W. T. Allen aliujumuisha katika kitabu chake Tendi cha mwaka wa 1971, umo katika mapokeo hayo. Ni urithi wa thamani. Lakini Ayubu wa Biblia ana sura 42, na Mkristo anayemnukuu mazishini huishia katika sura ya kwanza, pale anapoinama na kulisifu jina la Mungu. Kuanzia sura ya tatu mtu yule yule anailaani siku aliyozaliwa. Anadai kesi yake isikilizwe. Anamshtaki Mungu mbele ya Mungu. Marafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, ndio wanaozungumza kwa lugha ya mhubiri wa mazishini: kwamba kila kitu kina sababu, na kwamba mwenye busara hunyamaza na kukubali. Mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia marafiki hao na kusema kwamba hawakunena yaliyo sawa kumhusu, bali Ayubu ndiye aliyenena sawa. Si jambo dogo. Waliomtetea Mungu walikosea, na aliyemlalamikia akapatikana kuwa mkweli.

Zaburi nazo zina ushuhuda uo huo. Nyingi miongoni mwa zaburi 150 ni malalamiko, na ingawa nyingi katika hizo hugeuka na kuwa sifa kabla ya kumalizika, Zaburi ya 88 haigeuki kamwe. Huanza kwa kilio na kuishia gizani. Mathias Mnyampala, mshairi Mkristo wa Tanzania, aliziona Zaburi kuwa zinastahili bahari ya utenzi, akatunga Utenzi wa Zaburi. Ni ajabu kwamba makanisa mengi ya leo, yenye kwaya kubwa na vinanda vya umeme, yana nyimbo mamia za ushindi na chache mno za kulia. Hata zile zilizozaliwa katika maombolezo huimbwa kana kwamba zilitungwa harusini. Wimbo mashuhuri wa Horatio Spafford kuhusu utulivu wa roho, unaoimbwa kwa Kiswahili katika makanisa mengi, ulitungwa baada ya mabinti zake wanne kufa maji mwaka wa 1873 meli yao ilipozama katika bahari ya Atlantiki. Waimbaji wengi wanaujua utulivu huo, bahari hawaijui.

Historia ya Kiswahili cha Biblia ilianza kwa msiba, na inasikitisha kwamba katika kozi za isimu na tafsiri jambo hili hupitwa haraka ili kufikia orodha ya kamusi na sarufi. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la kimisionari la CMS, alifika Mombasa mwaka wa 1844 pamoja na mkewe Rosina. Walikuwa wametoka Uhabeshi, ambako mwaka wa 1843 Rosina alijifungua njiani, nyikani, mtoto wa kike ambaye hakuishi. Wakampa jina la Eneba, yaani "chozi" kwa lugha ya nchi ile. Mwezi wa Juni 1844 Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi Mwislamu. Mwezi uliofuata Rosina alijifungua binti mwingine. Homa ilikuwa imewashika wote wawili, mume na mke. Rosina akafa, na siku chache baadaye mtoto naye akafa. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kaburi lao lipo hadi leo.

Si lazima kukubaliana na yote aliyoyaandika Krapf kuhusu watu wa pwani na wa bara. Mengi yana kiburi cha wakati wake. Lakini mtu aliyeanza kuandika kwa Kiswahili masimulizi ya uumbaji, ambamo Mungu anaviangalia alivyoviumba na kuviona kuwa vyema, kisha baada ya wiki chache akawazika mke na mtoto wake, na bado akairudia kazi ile, alikuwa na imani ambayo haikukaa katika maelezo. Mwaka wa 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo cha Rabai. Rebmann naye alimzika mtoto, baadaye akafiwa na mkewe mwaka wa 1866, na aliporudi Ulaya mwaka wa 1875 alikuwa kipofu. Watu hawa hawakuuona upendo wa Mungu katika matukio yaliyowapata. Waliushikilia licha ya matukio hayo, na tofauti ya "katika" na "licha ya" ni tofauti ya imani mbili.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii ni ya wasomi wasiojua uchungu wa wanyonge. Mjane wa kijijini, watasema, hana kingine cha kumpitisha usiku ila kujiambia kwamba ni mapenzi ya Mungu. Kwa nini anyang'anywe fimbo yake ya kutembelea? Pingamizi hili lina uzito, na jibu lake limo katika sarufi. Kauli hiyo hubadilika kulingana na nafsi ya msemaji. Ikitoka kinywani mwa mfiwa mwenyewe, katika nafsi ya kwanza, ni sala. Amejikabidhi, na hakuna mwenye haki ya kumsahihisha. Ikisemwa na mwingine, katika nafsi ya pili, ni hukumu. Yesu mwenyewe katika bustani ya Gethsemane aliyakubali mapenzi ya Baba yake kwa nafsi ya kwanza, na hata hivyo si kabla ya kuomba kikombe kile kiondolewe. Wanafunzi waliokuwa naye hawakutakiwa kumfafanulia kikombe. Walitakiwa wakeshe naye, na hilo likawashinda.

Usiku huo wa Gethsemane ndio unaokumbukwa na Wakristo kila Alhamisi Kuu, na ilikuwa Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili 2015, ambapo magaidi wa al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri. Watu 148 waliuawa, wengi mno wakiwa wanafunzi. Miongoni mwa waliotangulia kushambuliwa ni wanafunzi Wakristo waliokuwa wamekusanyika darasani kwa maombi ya asubuhi. Hakuna tukio katika historia ya vyuo vikuu vya Kenya linaloijaribu imani kwa ukali zaidi, kwani hapa waombaji walifia maombini. Wazazi waliosafiri hadi Nairobi kuwatambua watoto wao katika chumba cha maiti cha Chiromo hawakuhitaji kuambiwa kwamba Mungu aliwapenda zaidi. Mauaji yale yalikuwa mapenzi ya wauaji. Kuyapa jina lingine ni kuwatendea vibaya marehemu na Mungu wao kwa pamoja. Lililobaki kwa Mkristo siku ile ni kile ambacho Ijumaa iliyofuata ilikuwa imewekwa kukikumbusha: kwamba Mungu anayeaminiwa na kanisa hakusimama upande wa wenye silaha, bali alihesabiwa pamoja na waliouawa, na kwamba hata Mwana wake alilia msalabani akiuliza kwa nini ameachwa. Swali hilo halikujibiwa kwa maneno.

Mwaka uo huo, tarehe 21 Desemba, basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa na magaidi waliotaka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Baadhi ya wanawake waliwapa Wakristo mitandio yao wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki kutokana na majeraha hayo. Mkristo aliyenusurika katika basi lile, akiulizwa ni wapi aliuona upendo wa Mungu, hana haja ya kutafuta mbali, wala hawezi kudai kwamba upendo huo ulipitia kanisani kwake. Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alimtaja Msamaria, mtu wa imani ambayo wasikilizaji wake waliidharau. Wahubiri wanaousimulia mfano huo kila mwaka wangefanya vyema kulitaja pia basi la Mandera.

Lugha ya Kiswahili, kwa bahati, ina akiba ya maneno ya kufariji yasiyodai kueleza chochote. "Pole" ni mojawapo. Haitoi sababu, haihukumu, haiahidi. Humwambia mtu kwamba maumivu yake yameonekana. "Makiwa", salamu ya msibani inayojulikana zaidi pwani, hutaja ukiwa wa mfiwa kwa jina lake badala ya kuuficha. Kisha kuna kitenzi hani, chenye maana ya kumpa pole aliyefiwa, ambacho kikiwekewa kiambishi cha kitenzi-jina huwa kuhani. Umbo hilo ni sawa kabisa na nomino kuhani, yaani mtoa sadaka wa Agano la Kale na jina ambalo Waraka kwa Waebrania humpa Kristo. Maneno haya mawili ni homonimu tu. Asili zao ni mbalimbali, na mwanaisimu makini hatathubutu kuyaunganisha. Lakini msomaji Mswahili wa Waraka huo, anapofika mahali panapoeleza kwamba Kuhani Mkuu huyu si mtu asiyeweza kuchukuana na udhaifu wa watu, ana haki ya kuvisikia vyote viwili kwa pamoja: kuhani aliyekuja kuhani. Mgiriki hakuipata bahati hiyo.

Namna kufariji kunavyotegemea kuwapo kuliko kusema ilidhihirika nchini mwaka wa 2020. Korona ilipoingia, ibada za ana kwa ana zilisitishwa na mazishi yakawekewa idadi ndogo ya waombolezaji. Mahubiri hayakukosekana; yalimiminika kwa redio, televisheni na simu. Kilichokosekana ni majirani wanaoketi uani bila ya kusema kitu, akina mama wanaoingia jikoni bila ya kualikwa, vijana wanaokesha wakiota moto. Wafiwa wa miezi ile walijua ni kipi kati ya hivyo viwili kilichowapungukia.

Wanafunzi wa Kiswahili wana sehemu yao katika jambo hili, na si ndogo. Wao ndio wanaoombwa kuandika tanzia mwenzao anapofariki, kutunga shairi la kusomwa mbele ya jeneza, kuwa washereheshaji wa ibada za kumbukumbu katika kumbi za chuo. Kitabu cha rambirambi kinapofunguliwa, wao ndio wanaotarajiwa kuandika kwa ufasaha. Ufasaha huo umekuwa ukijaza kurasa kwa kauli zile zile za mapenzi ya Mungu na waridi lililochumwa bustanini. Mtunzi wa tanzia angeweza kuanza na marehemu mwenyewe: alikuwa na sauti gani, alichelewa darasa lipi, nani alimtegemea kwa karo. Akitaka kumtaja Mungu, anayo mifano ya Zaburi ya kumwambia Mungu mwenyewe, badala ya kuwaambia wafiwa habari zake. Na akikosa la kusema, marafiki wa Ayubu, kabla hawajaharibu mambo, walikaa chini pamoja naye siku saba, mchana na usiku, pasipo hata mmoja wao kutamka neno.